Damu ya Kitovu na Seli Mundu: Mwongozo kwa Wazazi wa Chwele

Kama una mimba na nyumbani tayari kuna mtoto mwenye seli mundu, mwongozo huu ni wako kwanza. Kama huna mtoto mgonjwa lakini wewe na mwenzako hamjawahi kupimwa, ni wako pia, kwa sababu huku magharibi mwa Kenya watu wengi hubeba jeni ya ugonjwa huu bila kujua. Nitaeleza habari za damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishazaliwa: ina nini ndani, inamfaa nani, na ni wakati gani usikubali kutoa hata shilingi moja ili ihifadhiwe.

Damu hiyo ni ya mtoto, si ya mama. Akiwa tumboni, mtoto huipeleka kwenye kondo na kuirudisha, akajipatia hewa na chakula. Anapozaliwa, sehemu yake hubaki upande wa kondo. Ukiikusanya utapata mililita 60 hadi 150 hivi, yaani hata ikiwa nyingi haizidi nusu ya chupa ya soda. Ndani yake mna seli shina, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu: nyekundu zinazobeba hewa, nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata. Kwa mtu mzima seli shina hizi hukaa zaidi ndani ya uboho wa mifupa, na ndiyo sababu damu ya kitovu inaweza kufanya kazi ya uboho. Mgonjwa ambaye uboho wake unatengeneza damu yenye kasoro hupewa dawa kali za kuuondoa, kisha hutiwa seli shina za mtu mwingine kwenye mshipa. Seli hizo husafiri zenyewe hadi mifupani na kuanza kutengeneza damu upya.

Jambo hili lilifanyika kwa mara ya kwanza Oktoba 1988, katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris. Mtoto wa Kimarekani wa miaka 5 aliyekuwa na anemia ya Fanconi alipandikizwa damu ya kitovu ya dada yake mchanga. Daktari Eliane Gluckman ndiye aliyeongoza upandikizaji, na mtafiti Hal Broxmeyer wa Indiana ndiye aliyezishughulikia seli na kuzigandisha. Yule mtoto alipona kasoro ya damu akakua hadi utu uzima. Tangu hapo damu ya kitovu imepandikizwa zaidi ya mara 35,000 duniani, mara nyingi kwa wagonjwa wa saratani za damu.

Lakini ugonjwa unaotugusa sisi zaidi ni seli mundu, ule wa kurithi unaopindisha seli nyekundu za damu kama mundu, na huko ndiko nitakakokaa.

Anzeni na kipimo

Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil, alizunguka Kenya mwaka 1949 akipima damu za jamii mbalimbali. Aligundua kwamba wanaobeba jeni ya seli mundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, hata zaidi ya 20 kwa kila watu 100 mahali pengine, na wachache mno nyanda za juu kusiko na malaria nyingi. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: anayebeba jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo penye malaria jeni hiyo hudumu kizazi hata kizazi. Chwele iko kati ya mlima na ziwa. Sokoni kwake hukutana watu wa Mlima Elgon, wa Sirisia, wa Kimilili, wa Bungoma mjini na hata wa ng'ambo ya mpaka, na watu hao huoana. Usijiambie kwamba kwenu hakuna.

Anayebeba jeni moja huandikiwa AS kwenye cheti cha maabara. Ana afya yake, analima, anacheza mpira. Wawili wenye AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, yaani mtoto mgonjwa. Ni kila mimba: haimaanishi kwamba ukishampata mgonjwa mmoja watatu wanaofuata watakuwa wazima. Na jeni hutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanamke anayelaumiwa na mashemeji kwa "kuleta ugonjwa" analaumiwa bure, na baba anayekataa kupimwa hajaondoa chochote katika damu yake.

Kipimo mnachotaka ni kile kinachoonyesha aina ya hemoglobini, mara nyingi kwa njia ya elektroforesi. Kile cha bei nafuu cha kuona tu kama seli zinapinda hakitofautishi vizuri AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya kabisa, kwa sababu mtoto mchanga bado ana hemoglobini ya tumboni inayouficha ugonjwa. Ukihudhuria kliniki ya wajawazito Chwele, omba uelekezwe. Wakikosa kipimo hapo, ulizia hospitali ya rufaa ya Bungoma, ya Kitale, au Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret. Majibu yabandike kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto, yasibaki kichwani.

Mtoto mwenyewe anaweza kupimwa siku ile ile anapozaliwa. Tone la damu kutoka kisiginoni linatosha, na hata damu ya kitovu inaweza kutumika maabara ikichukuliwa kwa uangalifu isichanganyike na ya mama. Kwa familia nyingi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo damu ya kitovu inaweza kuwapa. Mtoto akijulikana mapema, huanzishiwa penisilini kila siku kuanzia karibu miezi 2 hadi afikishe miaka 5, hupewa kinga ya malaria na asidi ya foliki, na chanjo zake hufuatiliwa zote, ikiwemo ile ya nimonia iliyoingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2011. Asiyejulikana hugunduliwa akiwa tayari mahututi, au huzikwa bila ugonjwa wake kujulikana.

Ujue pia ishara ya kwanza inavyoonekana, kwa sababu mara nyingi ni mama anayeiona kabla ya daktari. Mtoto ana miezi 6 au 9. Asubuhi unamwona vidole vya mikono vimevimba vikawa vinene, na juu ya nyayo kumeumuka. Ukimgusa hapo analia kwa uchungu, hataki kusimamishwa. Hakuna kidonda, hakuna alama ya mdudu. Wengine watakuambia ameumwa na kitu usiku, wengine watataja jicho baya la jirani. Mpeleke akapimwe damu. Na akishajulikana ana SS, mwombe nesi akufundishe kupapasa wengu upande wa kushoto, chini ya mbavu, maana ukivimba ghafla huku mtoto akipauka, unahitaji kufika hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kwa boda boda usiku wa manane.

Dakika ile ya kwanza

Kabla hatujafika kwenye kuhifadhi, kuna matumizi ya damu ya kitovu yasiyo na gharama yoyote na yanayomhusu kila mtoto. Mwachie mtoto mwenyewe damu yake.

Kitovu cha mtoto aliyetoka tu tumboni ni kinene, kina rangi ya samawati, kimesokotwa, na ukikishika kinapiga kwa mapigo ya moyo wake. Damu bado inapita. Mkunga asipokifunga mara moja, utaona kinavyolegea polepole, mapigo yanapungua, kisha kinabaki cheupe na chembamba. Damu iliyokuwa upande wa kondo imerudi kwa mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kitovu kifungwe baada ya dakika 1 hadi 3, kisifungwe kabla ya dakika 1, isipokuwa mtoto hapumui na inabidi asaidiwe haraka. Mwongozo huo unamhusu hata mama mwenye virusi vya Ukimwi.

Mtoto aliyesubiriwa hivi huwa na akiba nzuri zaidi ya madini ya chuma katika miezi 6 ya kwanza. Kwa njiti faida ni kubwa zaidi, kwani uwezekano wa kufa hupungua. Mahali ambapo malaria na upungufu wa damu humchukua mtoto kabla hajaanza kutembea, hilo si jambo dogo. Mwambie mkunga mapema, wakati wa kliniki, na umkumbushe uchungu ukianza: "Sista, naomba msubiri kitovu kiache kupiga ndipo mkifunge." Wakunga wengi wanalijua hili na hufanya hivyo. Chumba kikijaa, haraka huingia, kwa hiyo ombi lako lina maana. Kama unasindikizwa na mama mkwe au dada yako, mwelezee naye alikumbushe.

Usilipie jokofu la kampuni

Kuna kampuni, hasa za nje, zinazotoza familia pesa ili kuhifadhi damu ya kitovu ya mtoto wao katika nitrojeni ya majimaji, kwenye baridi ya chini ya sifuri kwa nyuzi 196. Matangazo yake hufika hadi kwenye simu za wajawazito wa Kanduyi na Kitale, na maneno yake ni matamu: bima ya maisha ya mwanao. Unalipa mwanzoni, halafu kila mwaka.

Mimi nasema usilipe, na sababu ninazo. Mtoto mwenye seli mundu hawezi kuponywa kwa damu yake mwenyewe ya kitovu, kwa kuwa seli shina zake zina jeni ile ile yenye kasoro. Saratani ya damu ya utotoni nayo, mara nyingi kasoro zake huwa zimeshaanza kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo madaktari huogopa kumrudishia damu hiyo. Ndiyo maana vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani havishauri familia isiyo na mgonjwa kulipia hifadhi binafsi. Zile ahadi za kutibu usonji, kisukari au mtindio wa ubongo hazijathibitishwa kuwa tiba. Na kampuni zenyewe hufilisika. Mwaka 2019 Cryo-Save, iliyokuwa miongoni mwa kubwa zaidi Ulaya, iliporomoka, na sampuli za maelfu kwa maelfu ya familia zikahamishiwa ghala la kampuni nyingine nchini Polandi, wazazi wengi wakihangaika kujua za kwao ziko wapi na katika hali gani.

Benki za umma ni jambo tofauti. Huko mama hutoa damu bure kwa ajili ya mgonjwa yeyote duniani atakayelingana nayo, na ya kwanza ilianzishwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umuhimu wake kwa watu weusi ni mkubwa. Katika sajili ya Marekani ya wachangiaji uboho, mgonjwa mweusi ana nafasi ya takriban 29 kwa 100 ya kupata anayelingana naye kikamilifu, ilhali mzungu ana 79 kwa 100. Damu ya kitovu husamehe zaidi: kati ya alama 6 za tishu (zile mwili unazotumia kutambua seli zilizo zake), 4 zikilingana, mara nyingi inatosha kwa mgonjwa wa saratani ya damu. Natamani siku moja akina mama wa Bungoma wachangie benki kama hiyo hapa hapa Afrika Mashariki.

Kwa seli mundu, hata hivyo, damu ya kitovu ya mtu baki haijafanikiwa. Huko Marekani watoto 8 walijaribiwa, na 5 kati yao miili ilizikataa seli hizo. Sehemu hiyo ya utafiti ikasitishwa. Kilichofanikiwa ni damu ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja aliyelingana kikamilifu.

Kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa

Hapa ndipo kuhifadhi kuna maana, na hapa ndipo panahitaji hesabu ya kweli. Nafasi ya ndugu kulingana na ndugu yake kikamilifu ni moja kati ya nne. Nafasi ya mtoto mpya kutokuwa na ugonjwa ni tatu kati ya nne (mwenye AS anaweza kuchangia bila tatizo). Jeni za tishu na jeni ya seli mundu ziko kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo unazidisha: ni watoto 3 kati ya 16 ambao watalingana na wakawa wazima. Chini ya mmoja kati ya watano. Kwa sababu hiyo sikushauri uongeze mimba ili tu upate damu. Mimba ikiwa tayari ipo, ni sawa kujipanga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuata wagonjwa wa seli mundu waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana nao. Baada ya miaka 6, 92 kwa kila 100 waliopewa uboho walikuwa hai bila ugonjwa. Kwa waliopewa damu ya kitovu ilikuwa 90 kwa 100, ingawa wao walikuwa wachache, 30 tu. Ni matokeo mazuri sana. Lakini upandikizaji wenyewe una hatari zake: kabla seli mpya hazijashika, wiki tatu au nne, mtoto hana kinga, dawa kali zinaweza kumzuia kuzaa akiwa mkubwa, na wako wanaokufa. Gharama zake hufika mamilioni ya shilingi. Familia nyingi za Kenya zimekwenda India. Karibu na sisi, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye seli mundu, na hilo limetuondolea ile dhana kwamba tiba hii haiwezi kufanyika huku kwetu.

Basi fanya mambo yako kabla ya mwezi wa saba wa mimba. Muone daktari wa damu wa watoto. Kutoka Chwele njia ya kawaida ni kupewa barua ya rufaa kwenda Moi, Eldoret, kupitia Webuye. Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: mwanangu huyu anafaa kupandikizwa, na ni hospitali gani itakayompokea? Bila jibu la swali hilo, damu iliyogandishwa haina pa kwenda. Hospitali itakayopandikiza ndiyo inayosema damu ikusanywe vipi, ihifadhiwe wapi na kwa kiwango gani. Ikikubali, mtoto mgonjwa hupimwa alama za tishu, na wewe hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Uliza pia nani atakuletea mfuko wa kukusanyia, nani ataushika siku ya kujifungua, na utasafirishwaje, maana damu inatakiwa ifike maabara na kugandishwa ndani ya saa 48 hivi. Ukijifungua Ijumaa usiku mvua ikinyesha, nani atautoa Chwele? Swali hili limeshinda mipango mingi kuliko sayansi ilivyoishinda. Pengine itafaa ujifungulie Eldoret kabisa, na ukae kwa jamaa wiki mbili za mwisho. Mchango wa harambee ukifanyika, nauli na malazi hayo yawekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukusanyaji wenyewe haumuumizi yeyote. Mtoto ameshatoka, kitovu kimefungwa na kukatwa. Mtaalamu hukisafisha kipande kilichobaki upande wa kondo kwa dawa, huingiza sindano kwenye mshipa wake mkubwa, na mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda huwekwa chini ili damu ishuke yenyewe. Anautikisa taratibu ichanganyike. Ndani ya dakika chache mshipa unanywea na kazi imekwisha. Kinachotakiwa ni wingi wa seli: takriban milioni 25 hadi 40 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji si chini ya milioni 500, na mifuko mingi haifiki kiwango kinachotosha kijana mkubwa. Kadiri unavyosubiri kufunga kitovu ndivyo mfuko unavyopungua, na huo ni mvutano wa kweli. Mimi ningemwachia mchanga dakika yake moja kwanza. Zungumza na daktari mkubaliane kabla ya siku yenyewe. Na mtoto akihitaji kusaidiwa kupumua, au wewe ukivuja damu, mfuko uachwe.

Sampuli ndogo ya damu hiyo hupimwa kama mtoto ni SS na kama analingana na nduguye. Mkijibiwa kwamba halingani, msimchukie kwa hilo.

Wakati mipango yote hii ikiendelea, mgonjwa wako asikose dawa ya haidroksiurea. Utafiti mkubwa wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuata watoto katika nchi nne, wakiwemo wa Kilifi na wa Mbale, ng'ambo tu ya Mlima Elgon. Waliomeza dawa hiyo kila siku walipungukiwa na maumivu, na kuongezwa damu, na malaria, na vifo. Inahitaji daktari na kupimwa damu mara kwa mara, lakini ni kidonge, na kinaweza kuanza mwezi huu. Uliza kuhusu kinachogharamiwa na bima ya afya ya SHA na kile utakachonunua mwenyewe.

Na kama uchungu ulikuja ghafla, mfuko haukuwepo, damu ikaenda na kondo: nafasi haijapotea. Huyo mdogo wa mgonjwa bado anaweza kupimwa alama za tishu wakati wowote, na akilingana, uboho wake unaweza kuchotwa akishakua kidogo, mara nyingi baada ya kutimiza mwaka mmoja au miwili na kuongeza uzito wa kutosha. Huchotwa kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na uboho aliotoa mwili wake huurudisha ndani ya wiki chache. Matokeo yake kwa seli mundu, kama ulivyoona, si duni kuliko ya damu ya kitovu. Omba kipimo hicho katika kliniki ya mtoto mkubwa, na nakala ya majibu ikae nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa.